Kutua Hamburg: mwongozo wa miezi sita ya kwanza kwa aliyetoka nyumbani

Miadi yangu ya kwanza na ofisi ya serikali Ujerumani niliichelewa kwa saa nzima, na basi halikuwa na kosa lolote. Dada wa kwenye simu alinitajia muda: halb neun. Halb nilijua ni nusu, neun ni tisa, nikaunganisha mwenyewe: tisa na nusu. Kumbe halb neun ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30 ya saa yao, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Nilitokea saa tatu na nusu, nimevaa suti, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba miadi mingine itapatikana baada ya wiki tano.

Wiki hizo tano ndizo zilizonifundisha nchi hii inavyokwenda. Kwetu jambo hupita mdomoni: unamjua fulani, unamsalimia, unaeleza shida, mnaelewana. Huku jambo hupita kwenye barua na kwenye miadi, na mdomo huja baadaye, kama utahitajika. Ukilishika hilo mapema, mengi yanayowaliza wageni yatakupita pembeni.

Ninayoandika hapa ni kwa anayekuja kazini, kwenye mafunzo ya kazi (wao huyaita Ausbildung), au anayemfuata mwenza wake. Sheria nitakazotaja ni za nchi nzima. Desturi ni za kaskazini ninakoishi mimi, Hamburg, mji ambao tangu 2010 una udugu rasmi na Dar es Salaam. Bavaria, kule kusini, wana yao.

Hatua ya 1: Majina na vyeti, kabla ya kupanda ndege

Wengi huhangaika na nguo. Hangaika na majina. Kwenye pasi umeandikwa majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, cheti cha shule kina Mohamed chenye m moja na cha ndoa kina mbili. Nyumbani mtu huangalia picha, anacheka, anagonga muhuri. Huku hao ni watu watatu tofauti. Sahihisha kila kitu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu kufuatilia RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa Tanzania, ukiwa mbali ni kumtwisha ndugu kazi ya miezi.

Beba vyeti halisi kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Tafsiri ya Kijerumani ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Kitabu cha chanjo usikisahau: tangu 2020, aliyezaliwa baada ya 1970 akitaka kufanya kazi hospitalini au shule ya chekechea lazima aonyeshe ushahidi wa kinga ya surua.

Koti? Pita soko la Karume kwenye mitumba. Makoti ya baridi pale ni bei ya kutupa kwa kuwa hakuna wa kuyavaa Dar, na mengi yalitoka huku huku. Viatu vya baridi nunua ukifika, vyenye soli nene, saizi moja juu ili soksi nzito ipate nafasi.

Hatua ya 2: Anwani kwanza, mengine yote yanaifuata

Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mtaa. Kitendo hicho kinaitwa Anmeldung, na bila karatasi yake utagonga milango mingi bure. Utahitaji pasi, fomu, na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Jina la barua hiyo ni refu kama treni, Wohnungsgeberbestätigung, ila ulikariri. Muulize mwenye nyumba kabla hujamlipa hata senti: utaniandikia barua hiyo? Akigeuza maneno, chumba hicho hakikufai. Na yule anayedai yuko nje ya nchi, umtumie amana kisha yeye akutumie funguo kwa posta, ni mwizi. Usimjibu.

Maneno mawili ya kodi yatenganishe kichwani. Kaltmiete ni kodi ya kuta tupu. Warmmiete ni hiyo pamoja na joto, maji, taka na mengineyo. Umeme mara nyingi haumo, unafunga mkataba wako mwenyewe. Amana, Kaution, kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Tena usishtuke ukifungua jikoni ukakuta bomba linatoka ukutani na hakuna kingine. Watu wengi huhama na jiko lao, sinki na makabati pamoja.

Siku ya kujiandikisha utaulizwa dini. Swali linaonekana la adabu tu, lakini lina hela ndani yake. Ukiandikwa Mkatoliki au Mlutheri, kodi ya kanisa itakatwa kwenye mshahara: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, au 8 ukiwa Bavaria na Baden-Württemberg. Mimi ni wa KKKT, kanisa la Kilutheri la nyumbani, nilijibu kwa furaha kama mtu aliyeulizwa kwao, na mwezi wa kwanza wa mshahara nikaona Kirchensteuer. Sijuti, ila ningependa niwe nimejua. Kujitoa baadaye kunawezekana, kwa kwenda ofisini na kuandika rasmi kwamba umetoka kanisani, na hilo kila mtu apime na moyo wake.

Wiki chache baada ya hapo itakuja barua yenye namba yako ya kodi, tarakimu 11. Mpe mwajiri upesi. Asipokuwa nayo huweza kukukata kwa daraja la sita, ambalo ndilo lenye makato makubwa kuliko yote.

Na kabla ya yote hayo, jioni ile ile uliyoingia, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Huku nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za vyumba. Tarishi anasoma majina. Lako halipo, barua inarudi ilikotoka.

Hatua ya 3: Sanduku la barua ndilo mzee wa nyumba

Lipitie kila siku. Nasema hivi kwa sababu nina rafiki aliyekuwa akizitia barua kwenye droo, azisome Kijerumani chake kikikomaa. Kilipokomaa, deni la euro 40 lilikuwa limeota gharama za wakusanya madeni na kupita 200.

Ukifungua barua tafuta vitu vitatu tu: nani ameandika, tarehe, na neno Frist, yaani siku ya mwisho ya kujibu. Mengine mwombe mtu akusomee au tumia programu ya kutafsiri ya kwenye simu. Bahasha ya manjano iliyoandikwa tarehe kwa kalamu usiitupe hata baada ya kuifungua, maana siku za kujibu huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Ofisi ikikukatalia jambo, kwa kawaida una mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi. Kwenda kulia dirishani hakuzuii siku kuhesabiwa.

Kuna barua moja kila mgeni huiona ya matapeli: inadai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, hata kama huna televisheni. Ni ya kweli. Hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo kama unaishi na wenzako na mmoja wao analipa, jibu kwa kutaja namba yake ya malipo, yaishe.

Mikataba nayo, ya simu, intaneti, ukumbi wa mazoezi, usiisaini kwa sababu kijana wa dukani ana tabasamu zuri. Wa simu unaweza kukufunga miaka miwili. Ukiisha muda huo, tangu sheria ilipobadilika, unaweza kujitoa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Kuacha kulipa tu si kujitoa. Andika barua, weka nakala. Kanunue faili kubwa la matundu mawili, Ordner. Ukimwona Mjerumani ana rafu nzima ya mafaili hayo, usimcheke, ndiyo amani yake.

Hatua ya 4: Saa zao, saa zetu

Kanuni ya kutoa sita unaijua: 14:00 ni saa nane mchana. Ugumu uko kwenye nusu. Wao husema halb pamoja na saa inayokuja, sisi husema nusu pamoja na saa iliyopita. Halb drei ni 2:30, kwetu saa nane na nusu. Ukienda Leipzig au Dresden utasikia pia viertel neun, ambayo ni 8:15, robo ya kwanza ya safari ya kuifikia tisa. Dawa yake ni moja: omba waandike kwa tarakimu, au rudia wewe mwenyewe, "acht Uhr dreißig?", usikie ja, yaani ndiyo.

Saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi Afrika Mashariki inatangulia kwa saa moja, majira ya baridi kwa mbili. Waambie nyumbani, la sivyo utapigiwa simu alfajiri.

Ofisini au kwa daktari fika dakika tano kabla. Kwa aliyekualika chakula nyumbani usifike kabla: bado anapiga deki. Ukiona utachelewa, tuma ujumbe kabla ya muda kufika, si baada. Na ule utaratibu wetu mtamu wa "nilikuwa napita, nikaona nikusalimie" uweke kabatini. Niliwahi kumgongea jirani nikiwa na sahani ya maandazi, akabaki mlangoni kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Tukapanga Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, kahawa na keki. Ilikuwa alasiri nzuri sana.

Hatua ya 5: Salamu, na maneno yasiyo na mwenzake

Hapa ndipo penye upweke wenyewe, basi nitakaa kidogo.

Hamburg salamu ni Moin, asubuhi hadi usiku. Hakuna habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Ukiulizwa wie geht's, yaani hujambo, jibu gut, und dir? (nzuri, na wewe?) na imetosha. Mwezi wa kwanza nilidhani wananichukia. Baadaye nikagundua wanasalimia mahali ambapo sisi hatusalimii: ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari unasema Guten Tag kwa wote walioketi, ukitoka unawaaga. Usipofanya hivyo wewe ndiwe usiye na adabu.

Wana "wewe" mbili, Sie ya heshima na du ya waliozoeana, na hiyo ilinikaa kichwani nilipoilinganisha na shikamoo. Kwetu mdogo ndiye anayeanza, asiposema shikamoo ni aibu. Huku mdogo anasubiri: anamwita mkubwa Sie, mpaka mkubwa mwenyewe, au bosi, aseme tuitane du. Usitangulie. Kwenye kampuni za vijana wote ni du siku ya kwanza, utasikia tu.

Neno pole halina mwenzake. Mtu akijikwaa mbele yako ukamwambia Entschuldigung, yaani samahani, atakushangaa: kwani wewe ndiye uliyemsukuma? Sema "alles gut?", yaani uko salama, au msaidie kuokota vitu vyake. Pole na kazi nayo haipo. Kuna Schönen Feierabend, heri ya kumaliza kazi, ambayo husemwa kwa moyo kabisa. Mezani hakuna atakayekukaribisha chakula chake. Mwenzako wa kazi atafungua mkate mbele yako atafune mpaka umalize kumtazama. Si uchoyo. Ukimwambia karibu, atadhani umemwalika kweli na atachukua.

Sasa lile gumu zaidi: hapana. Sisi tunaifunika. Nitajaribu, tutaona, Mungu akipenda. Msikilizaji wetu huelewa. Mjerumani akisikia "nitajaribu kuja" anaandika kwenye kalenda kwamba unakuja, anakutengea kiti na viazi, kisha anaumia usipotokea. Jifunze kusema "leider nicht, ich kann nicht", yaani kwa bahati mbaya siwezi, bila hadithi ndefu ya shangazi mgonjwa. Vivyo hivyo akikwambia kazi yako ina kosa, anazungumzia kazi. Saa moja baadaye atakuuliza kama unakwenda naye kula.

Siku ya kuzaliwa usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, wanaona ni mkosi. Na yako ikifika, keki unaleta wewe kazini.

Kijerumani chenyewe anza kwenye Volkshochschule, shule ya jioni ya watu wazima ambayo karibu kila mji unayo, ada yake si kubwa. Hata hivyo lugha niliipata kwaya, si darasani. Wajerumani urafiki huufungua kwenye chama, Verein: mpira, bustani, kuimba, kuogelea. Mkionana kila Jumanne kwa mwaka mzima, mwaka wa pili unaalikwa harusini. Ukikata tamaa na maneno yao marefu, kumbuka shule na hela tuliyatoa kwao, Schule na Heller, sarafu ya enzi zao Tanganyika.

Hatua ya 6: Jumapili, chupa na madirisha

Maduka hufungwa Jumapili. Mapumziko ya siku hiyo yamelindwa hadi kwenye katiba. Nunua unga na maziwa Jumamosi. Ukisahau, maduka ya kituo kikuu cha treni huwa wazi, bei zake utazikumbuka. Siku hiyo usitoboe ukuta, usitupe chupa kwenye pipa la kioo, na muziki uwe wa masikio yako peke yako. Kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya vilevile. Ukiwa na sherehe, bandika karatasi kwenye ngazi siku chache kabla, uombe radhi mapema. Wengine watakuja kunywa.

Taka ni kwa rangi: karatasi bluu, mabaki ya jikoni pipa la kijani au kahawia kulingana na mji, vifungashio manjano, mengine jeusi. Majirani huangalia. Chupa za maji na soda za plastiki zinazotumika mara moja na makopo yana amana ya senti 25 kila moja, za bia za kioo kwa kawaida senti 8. Usizitupe: zipeleke kwenye mashine ya dukani, ikupe risiti, uilipie mkate.

Madirisha ni elimu nyingine. Ukifunga nyumba miezi minne kwa kuogopa baridi, ukipika maharage na kuanika nguo ndani, ukungu mweusi utaota ukutani na mwenye nyumba atataka ulipe. Fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, hita ikiwa imezimwa, kisha funga. Kuliacha limefunguliwa kidogo siku nzima ni kupasha joto barabara.

Treni za mjini hazina vizuizi vya kuingilia, na wageni hudhani ni bure. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, faini ni euro 60. Kwa anayesafiri kila siku, tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza 2023 kwa euro 49 sasa ni euro 63, halali kwa mabasi na treni za kawaida, isipokuwa za masafa marefu.

Hatua ya 7: Tumbo, mwili na giza

Ugali unapatikana. Unga mweupe nenda maduka ya Kiafrika. Hamburg anzia mitaa ya Steindamm, nyuma ya kituo kikuu. Bamia, giligilani na nyama halali ziko kwa Waturuki, tui la kopo kwa Waasia. Sukuma wiki ipo na wao huila, wanaiita Grünkohl, ila huipika saa nzima na soseji hadi ikate roho. Inunue mbichi wakati wa baridi, katakata mwenyewe, kaanga kwa kitunguu.

Bima ya afya ni lazima, chagua mfuko ukiwa bado hujaugua. Tafuta daktari wa karibu, Hausarzt, wiki za kwanza. Hospitali si pa kwenda na mafua. Usiku au wikendi kwa jambo lisilo la kufa na kupona piga 116117. La kufa na kupona, au moto, ni 112. Polisi 110.

Mwishoni mwa Desemba jua la Hamburg huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, siku ambazo halijafichwa na mawingu. Mtu wa ikweta mwili wake haujui hilo ni nini. Usingizi, hasira, kutotaka kuongea na mtu. Toka nje mchana kila siku hata dakika ishirini, hata kwenye mvua, na mweleze daktari mapema kabla Novemba haijakukalia. Juni utalipwa: saa nne kasoro usiku bado kweupe. Anayefunga Ramadhani ikiangukia kiangazi ajipange, maana Maghrib nayo inasubiri mpaka hapo.

Hatua ya 8: Kazi, mshahara, na wa nyumbani

Miezi sita ya kwanza kwa kawaida ni ya majaribio, na kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili. Ukiugua piga simu kabla zamu haijaanza, kisha nenda kwa daktari. Kwenda kazini na homa hakukupi sifa, wenzako watakufukuza kwa macho. Baada ya wiki nne za ajira, mshahara wa ugonjwa hulipwa kamili hadi wiki sita.

Miezi sita hiyo hiyo ndiyo uhai wa leseni yako ya udereva ya Kenya au Tanzania. Ikipita, mtihani wa maandishi na wa barabarani, upya. Kibali cha ukaazi nacho omba miadi miezi miwili mitatu kabla hakijaisha. Ukiwasilisha maombi kwa wakati, na ofisi ikichelewa, omba karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung.

Mshahara wa kwenye mkataba si unaoingia mkononi. Mseja asiye na mtoto hukatwa theluthi moja hivi, kodi na bima pamoja. Waambie nyumbani namba ya pili, usiitaje ya kwanza hata kwa mama. Mimi niliitaja ya kwanza kwenye kundi la familia, na ndani ya wiki kulikuwa na ada mbili za shule, bati za mjomba na pikipiki. Ilibidi nikae chini na baba kwa simu, nimsomee karatasi ya mshahara mstari kwa mstari: hii kodi, hii ya uzeeni, hii bima, hii ya kanisa.

Baba akanyamaza. Kisha akauliza, "Na sadaka ya Jumapili unatoa tena?"